UZI: Brauza kwenye Windows 7, 8, Vista na XP. Soma kosa kwanza, kufuta na kuweka upya baadaye

ram_gb2 (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wenye kompyuta ambayo bado inawaka vizuri ila kila tovuti inaleta onyo, ukurasa mweupe au video inayokwamakwama. Dawa inayotolewa kila mahali ni "futa brauza, weka upya". Mara nyingi haitibu kitu, kwa sababu tatizo haliko kwenye brauza. Liko kwenye saa, kwenye vyeti vya usalama, kwenye Windows yenyewe, au tovuti imeandikwa kwa lugha ambayo injini ya brauza yako (sehemu inayosoma msimbo wa tovuti) haijawahi kuisikia. Kila moja ina dalili yake, na dalili imeandikwa pale pale kwenye kioo, kwa herufi ndogo za kijivu chini ya onyo. Watu wengi hawafiki huko chini.

Kwanza tujue kila Windows imeishia wapi, maana kuna wanaohangaika kusakinisha toleo ambalo haliwezi kukubali hata kwa maombi:

XP na Vista: Chrome 49, Opera 36, Firefox 52 ESR, yaani tawi linalopata viraka kwa muda mrefu (ya mwisho kabisa ni 52.9.0).
Windows 7, 8 na 8.1: Chrome 109, Edge 109, Opera 95, Firefox 115 ESR.

Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, Vista 11 Aprili 2017, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na 8.1 tarehe 10 Januari 2023. Windows 10 ilifuata 14 Oktoba 2025, lakini brauza kubwa zimeendelea kuihudumia baada ya tarehe hiyo, kwa hiyo wa Windows 10 wasijitie homa ambayo si yao.

Kwenye Windows 7 chaguo langu la kwanza ni Firefox 115 ESR. Chrome 109 ilitoka Januari 2023 na kwa mtumiaji wa kawaida ikaishia hapo. Firefox 115 imeendelea kupata viraka vya usalama kwa ajili ya Windows hizi za zamani, na Mozilla wamesogeza tarehe ya mwisho zaidi ya mara moja. Angalia kalenda yao ya matoleo, usitegemee tarehe uliyoisoma kwenye uzi wa zamani, ukiwemo huu.

betri_ya_saa

Kabla ya yote, saa. Nasema hivi kwa sababu nusu ya "brauza imeharibika" ni betri ya ubao mama iliyokufa. Ni ile ya duara, CR2032, volti 3. Ikifa, ukichomoa waya wa umeme tarehe inarudi mwaka ambao BIOS iliandikwa. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini tuko 2009, vyeti vyote vinaonekana vya mtu ambaye hajazaliwa.

Chrome inaandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Firefox inatofautisha: saa ikiwa nyuma unapata MOZILLA_PKIX_ERROR_NOT_YET_VALID_CERTIFICATE, ikiwa mbele unapata SEC_ERROR_EXPIRED_CERTIFICATE. Onyo likitokea kwenye tovuti zote kwa pamoja, ni saa. Likitokea kwenye moja tu, huenda tovuti yenyewe ndiyo imezembea.

Rekebisha tarehe, mwaka na saa za eneo. Hizo saa za eneo ndizo husahaulika: kioo kinaweza kuonyesha saa sahihi huku kompyuta ndani inahesabu saa kadhaa pembeni. Kisha fungua mstari wa amri kwa haki za msimamizi, andika

net start w32time
w32tm /resync

Ukiambiwa haikupata data, mara nyingi mlango wa UDP 123 umefungwa kwenye ruta au ngome (firewall). Weka kwa mkono na ubadilishe betri. Ukipima kwa mita, mpya inasoma juu kidogo ya 3. Baadhi ya kompyuta mpakato betri hiyo ina waya na plagi ndogo, usiing'oe kwa nguvu.

ghala_la_vyeti

Saa ikiwa sawa na onyo bado lipo, sasa ni vyeti vya mizizi, yaani vile vikuu ambavyo kompyuta huviamini ili iamini vya tovuti. Tarehe 30 Septemba 2021 mzizi uitwao DST Root CA X3 uliisha muda. Tovuti nyingi sana zinatumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, na kompyuta za zamani zilikuwa zinaviamini kupitia mzizi huo. Mrithi wake anaitwa ISRG Root X1 na ana uhai hadi 2035, lakini Windows ambayo haijapata masasisho kwa miaka haimjui.

Firefox inabeba ghala lake la vyeti. Chrome 49, Internet Explorer na programu nyingi ndogo zinauliza ghala la Windows. Hapo una kipimo cha bure: fungua tovuti ile ile kwenye Firefox na kwenye Chrome 49. Firefox ikifungua na Chrome ikikataa kwa NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, kosa liko kwenye ghala la Windows. Firefox 52 tayari ina ISRG Root X1, kwa hiyo kwenye XP kubadili brauza tu kunaweza kumaliza kazi.

Ukitaka kuponya ghala lenyewe, pakua isrgrootx1.der kutoka tovuti ya Let's Encrypt kwa kutumia kompyuta yenye afya na uilete kwa flashi. Kwenye Windows 7, mstari wa amri wa msimamizi:

certutil -addstore Root isrgrootx1.der

Kabla ya hapo fungua faili, nenda Details, shuka hadi Thumbprint. Lazima ianze na ca bd 2a 79 na iishie na 9d 43 29 a5 e8 ukihesabu herufi 40 zote, yaani CABD2A79A1076A31F21D253635CB039D4329A5E8. Ikitofautiana hata herufi moja, futa faili. Mzizi ni funguo za nyumba nzima.

Wanaopenda kubofya: wakati wa kuweka, usiiachie Windows ichague ghala yenyewe. Chagua mwenyewe Trusted Root Certification Authorities. Kikiingia kwenye Intermediate utaona "imefanikiwa" na onyo litabaki vile vile.

xp_sp3

Nyongeza kwa wa XP. Bila Service Pack 3 usianze. SP2 haisomi vyeti vilivyosainiwa kwa SHA-256, na leo vyeti vingi ni vya namna hiyo. Hata ukiwa na SP3, mfumo wa vyeti wa XP hauelewi vyeti vya ECDSA (aina nyingine ya sahihi), kwa hiyo Chrome 49 itakataa baadhi ya tovuti hata ghala likiwa limejaa mizizi. Hakuna kiraka kitakachobadilisha hilo. Tumia brauza inayobeba mfumo wake, kama Firefox 52 au watoto wake.

kichupo_kimoja

Swali. Kwenye Windows 7 nimeweka tiki ya "Use TLS 1.2" kwenye Internet Options, Advanced. Chrome haijabadilika chochote. Kwa nini?

ghala_la_vyeti

Kwa sababu tiki ile ni ya Internet Explorer na programu zinazopanda mgongoni mwake. Chrome na Firefox zina mitambo yao ya TLS (itifaki inayosimba mawasiliano ya HTTPS), hazisomi pale. Kwa programu nyingine za Windows 7 zinazotumia WinHTTP (njia ya Windows ya kuwasiliana na tovuti) kuna sasisho la Microsoft KB3140245 pamoja na maingizo ya rejista. TLS 1.3 kwenye Windows 7 haipo kabisa upande wa mfumo. Unaipata ndani ya brauza tu.

ram_gb2

Sasa kundi linalowachanganya wengi: ukurasa mweupe, au unafunguka lakini vitufe havibonyezeki. Hakuna onyo, hakuna kosa. Bonyeza F12, nenda Console, fungua ukurasa upya. Kwenye Chrome 49 utaona kitu kama

Uncaught SyntaxError: Unexpected token .

Firefox 52 inasema: SyntaxError: expected expression, got '.'

Hiyo nukta ni ushahidi. Waandishi wa tovuti siku hizi wanaandika mtumiaji?.jina, alama ya kuuliza ikifuatiwa na nukta, kumaanisha "chukua jina kama mtumiaji yupo". Chrome ilianza kuielewa toleo la 80, Firefox toleo la 74. Injini ya zamani ikikutana nayo haikosei mstari ule tu. Inakataa faili lote. Ndiyo maana tovuti nzima inalala kwa sababu ya herufi mbili.

Kwa hiyo wale wanaosema "badilisha utambulisho wa brauza, user agent, ionekane mpya": inasaidia pale tu ambapo tovuti inakukataa kwa jina huku injini yako inaweza kazi. Kibao cha dukani hakiongezi bidhaa ndani. Tena inaweza kukuumiza, kwa sababu tovuti nyingine zilikuwa zinakupa toleo jepesi kwa kuona wewe ni wa zamani. Ukijiita mpya zinakumwagia mzigo wote.

Hata Firefox 115 na Chrome 109 zimeanza kuonyesha uzee, kwa namna tofauti. Chrome 109 inaelewa :has() ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa), Firefox 115 haielewi (ilikuja 121). Zote mbili hazielewi CSS iliyopachikwa ndani ya nyingine. Chrome iliipata 112, Firefox 117. Zote hazina Promise.withResolvers, amri mpya ya msimbo wa tovuti. Kama ukurasa umepangika vibaya kwenye moja, jaribu nyingine kabla ya kulaumu kompyuta.

mkataa_kikomo

Mbona hamtaji Supermium? Ni Chromium iliyorekebishwa ikubali XP SP3, Vista, 7 na 8, na msingi wake ni mpya kuliko 109. Kwa tovuti zinazohitaji injini ya Chrome hiyo ndiyo njia. Upande wa Firefox, XP kuna Mypal 68, na Windows 7 kuna r3dfox. Supermium na r3dfox zinatatua lile tatizo la alama ya kuuliza na nukta bila ujanja wowote. Mypal, msingi wake wa 68 ni mkongwe. Usitegemee ifungue kila kitu.

ram_gb2

Sipingi, mkuu. Ila mtu ajue anachochukua: ni kazi ya watu wachache, viraka vya usalama vinakuja kwa kasi yao. Pakua kwenye ukurasa rasmi wa mradi peke yake, na linganisha alama ya faili (hash) pale inapotolewa. Windows 7:

certutil -hashfile jina_la_faili.exe SHA256

Tovuti za "download" zenye vitufe vitano vya kijani ziache.

mkataa_kikomo

Hapo tuko pamoja. Na prosesa pia iangaliwe. Chrome iliacha prosesa zisizo na SSE2 (seti ya maagizo ya ndani ya prosesa) zamani, na kuanzia 89 inataka SSE3. Firefox ya Windows inataka SSE2 tangu 49. Pentium III na Athlon XP hazina SSE2, hivyo brauza inazimika mara tu inapofunguka, bila maneno. Mtu anaweza kushinda siku nzima akitafuta virusi.

dll_haikopwi

Niongezee makosa ya usakinishaji, maana ndiyo yanayozaa majanga.

"The procedure entry point … could not be located in the dynamic link library KERNEL32.dll": programu inaita kazi ambayo Windows yako haina. Umeleta toleo lililopita kikomo. Usiende kutafuta KERNEL32.dll mtandaoni. Faili la Windows 10 halivai mwili wa Windows 7, na tovuti zinazogawa DLL ni mlango wa wezi.

"… is not a valid Win32 application" kwenye XP: ama programu imejengwa kwa Vista kwenda juu, ama ni ya bit 64, ama upakuaji ulikatika. Anza na ukubwa wa faili.

"api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll is missing" kwenye Windows 7: hii inatibika. Weka KB2999226.

Sahihi ya faili inaonekana batili kwenye Windows 7 iliyosakinishwa upya: kompyuta haijui sahihi za SHA-2. Hakikisha SP1 ipo, kisha KB4490628, kisha KB4474419, kwa mpangilio huo, uwashe upya. Ukianza na ya mwisho unaweza kuambiwa haihusiki na kompyuta yako. Watu husoma jibu hilo wakaamini hawaihitaji.

Na kwa Firefox chukua kisakinishi kamili cha ESR. Kile kidogo cha mtandaoni kinahitaji muunganisho salama uwe tayari unafanya kazi, na huo ndio unaoutafuta.

kichupo_kimoja

Kuna ushauri unazunguka wa kuongeza --no-sandbox kwenye njia ya mkato ili Chromium mpya ifunguke kwenye Windows 7 kwa kutumia VxKex. Ni salama?

dll_haikopwi

Hapana. VxKex ni tabaka linalojaribu kuipa Windows 7 kazi zinazokosekana, na lina matumizi yake. Lakini ile bendera inaondoa ukuta kati ya ukurasa na kompyuta. Kwa kawaida msimbo wa tovuti unakimbia kwenye mchakato ulionyang'anywa haki: hauwezi kusoma nyaraka zako hata ukivamiwa. Ukiweka --no-sandbox, tundu moja kwenye injini linatosha kumpa mvamizi haki zote za akaunti yako. Kwenye Windows isiyopata viraka huo ukuta ndio kitu kizuri ulichobaki nacho. Brauza isiyofunguka bila bendera hiyo, iache.

Kwa ujumla tumia akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Na wa XP: kiraka cha MS17-010, KB4012598 kwa XP, kiwepo. Microsoft walikitoa kwa XP mwaka 2017 wakati wa shambulio la WannaCry ingawa muda wake ulikuwa umekwisha, jambo ambalo hawalifanyi ovyo. Benki na barua pepe kuu zifanyie kwenye kifaa kingine.

ram_gb2

Sasa uzito. RAM ya GB 2 na diski ya kuzunguka, Firefox 115. Usianze na about:config (ukurasa wa mipangilio ya ndani, unaandikwa kwenye sehemu ya anwani). Anza na about:processes uone nani anakula. Mara nyingi ni vichupo viwili tu, na kiendelezi kimoja ulichosahau. Kwenye Chrome ni Shift+Esc.

Baada ya hapo weka kiendelezi cha uBlock Origin. Hakuna badiliko la rejista litakalokupa kasi kama kuzuia matangazo; hati za kufuatilia watu mara nyingi zina uzito kuliko makala unayosoma.

Ukiwa na 115 iliyo chini ya 115.13, utaona viendelezi vimezimwa na maandishi kwamba havikuthibitishwa. Cheti cha mzizi cha Mozilla kiliisha 14 Machi 2025. Usihangaike na viendelezi, sasisha Firefox yenyewe.

Ndipo about:config:

browser.sessionstore.interval, kutoka 15000 hadi 120000. Ni milisekunde. Inapunguza kuandika diskini kila sekunde 15. Gharama yake ni kwamba umeme ukikatika unaweza kupoteza vichupo vya dakika mbili za mwisho.
media.av1.enabled, weka false, ili usitumiwe video za AV1 zinazochosha prosesa.
gfx.webrender.software, weka true, pale tu ambapo draiva ya kadi ya michoro inaleta mistari au madoa meusi.

Nimeona pia ushauri wa kuzima fission.autostart ili michakato ipungue. Kweli inapungua, lakini unachanganya tovuti tofauti ndani ya mchakato mmoja. Mimi singeigusa, bora ufunge vichupo.

picha_haikwami

Kwenye video, sababu ni kodeki (njia ya kubana na kufungua video). YouTube inapenda kutuma VP9 au AV1. Kadi za michoro za zamani zinajua kufungua H.264 tu, kwa hiyo prosesa inabebeshwa kazi yote na kufika asilimia 100. Weka kiendelezi cha h264ify, kitalazimisha H.264. Halafu bofya kulia mara moja juu ya video, chagua Stats for nerds, soma mstari wa Codecs: ukiona avc1 umefaulu, ukiona vp09 au av01 bado. Hapo hapo kuna hesabu ya fremu zilizodondoshwa (dropped). Namba ikiendelea kupanda, shuka 480p.

Windows 7 N au KN haina vifaa vya kuchezea H.264 mpaka uweke Media Feature Pack.

kichupo_kimoja

Na mashine ambayo hata Mypal ni mzigo? Yenye prosesa isiyo na SSE2?

xp_sp3

Hiyo iachie kompyuta nyingine ifanye kazi. Kuna programu iitwayo WRP: unaiendesha kwenye mashine mpya ndani ya mtandao wako, inafungua tovuti kwa Chromium, inapiga picha ya ukurasa na kuituma kama GIF au JPEG inayobofyeka. Mashine ya zamani inapokea picha tu, hata Internet Explorer ya kale inatosha. Kusoma inafaa. Usiandike nywila, maana kati ya mashine mbili hakuna usimbaji.

ghala_la_vyeti

Na la mwisho upande wangu, kwa wanaopata SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER au MOZILLA_PKIX_ERROR_MITM_DETECTED kwenye kila tovuti ilhali saa na vyeti viko sawa: bofya Advanced, View Certificate, soma Issuer. Ukikuta jina la antivirusi yako, ndiyo inayofungua mawasiliano yako katikati na kuyafunga upya kwa cheti chake kilichozeeka. Ingia kwenye mipangilio yake, zima ukaguzi wa HTTPS, funga brauza kabisa na uifungue. Issuer ikibadilika kuwa jina la mtoa vyeti wa kawaida, umemaliza. Ukikuta jina usilolijua kabisa, wala si la antivirusi, chomoa waya wa mtandao kwanza ndipo utafute ni programu gani iliyoliweka.